Shujaa wa Kike na Mlango wa Nyumba: Kutoka kwa Bernard Shaw hadi Kigogo na Bembea ya Maisha

Utangulizi

Kila mwaka tunaposahihisha mitihani ya mwigo hapa Nakuru, kuna jibu moja linalojirudia katika swali la tamthilia. Mtahiniwa akiulizwa jinsi mwandishi alivyomchora mwanamke, huandika kwamba mwandishi amemkweza na kumkomboa mwanamke. Kisha huorodhesha sifa: ni jasiri, ni mwenye bidii, ni msomi, ni mtetezi wa haki. Kila sifa hupewa mfano mmoja na alama hutolewa. Kwa mujibu wa mwongozo wa kusahihisha, mtahiniwa huyo hajakosea. Hata hivyo, kwa mujibu wa uhakiki, hajaanza kazi.

Makala haya yanalenga kuonyesha njia ya kwenda mbele ya orodha hiyo ya sifa. Yalizaliwa darasani. Tulipokuwa tukimjadili Tunu wa Kigogo, ambayo ilitahiniwa katika KCSE kuanzia 2018 hadi 2022, msichana mmoja wa kidato cha tatu aliniuliza: "Mwalimu, kama Tunu angekuwa na watoto wawili wenye njaa kama Ashua, angeandamana?" Nilimjibu jibu la haraka la mwalimu anayekimbizana na silabasi. Swali lake lakini lilibaki nami, na sasa ninapofunza Bembea ya Maisha, ambayo imekuwa ikitahiniwa tangu 2023, naona kwamba lilikuwa swali la msingi kabisa katika uhakiki wa kifeministi.

Nitadai kwamba tamthilia nyingi zinazosifiwa kwa kumkomboa mwanamke humkomboa kwa kumtoa nyumbani. Mlango wa nyumba ndio mpaka wa uhuru wake: akiwa nje ni shujaa, akiwa ndani ni mhasiriwa. Ili hoja hii ieleweke, inafaa tuanze mbali kidogo, kwa mtunzi aliyesaidia sana kumjenga shujaa wa kike wa jukwaa la kisasa.

Bernard Shaw na mwanamke anayeondoka

George Bernard Shaw alizaliwa Dublin mwaka wa 1856 na akafariki mwaka wa 1950. Tamthilia zake zilizovuma zaidi ziliigizwa katika miongo mitatu ya kwanza ya karne ya ishirini. Alimsoma kwa makini Henrik Ibsen, Mnorwe aliyeandika mwaka wa 1879 tamthilia ya Nora, mke anayegundua kwamba mumewe amekuwa akimtunza kama mwanasesere, akafungua mlango na kuondoka. Mwaka wa 1891 Shaw alichapisha kitabu kizima kumhusu Ibsen, na humo akaikosoa vikali imani kwamba mwanamke wa kweli ni yule anayejitoa mhanga kwa ajili ya mume na watoto.

Katika tamthilia zake mwenyewe, Shaw aliwachora wanawake wanaokataa mhanga huo. Vivie Warren, katika Mrs Warren's Profession, ni msichana aliyesoma hisabati. Anagundua kwamba karo yake ililipwa kwa fedha za madanguro ya mama yake. Anakataa fedha hizo, anakataa wanaume wanaotaka kumwoa, anaachana na mama yake na kubaki peke yake ofisini akifanya kazi. Eliza wa Pygmalion (1913) ni muuza maua wa mitaani anayefunzwa kusema kama mwanamke wa tabaka la juu, kisha anamkabili mwalimu wake na kukataa kuwa chombo chake. Naye Joan, katika Saint Joan iliyoigizwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1923, ni msichana wa shamba aliyevaa nguo za kiume, akaliongoza jeshi la Ufaransa na hatimaye akachomwa moto baada ya kukataa kifungo cha maisha.

Mwalimu atambue jambo moja kuhusu wanawake hawa. Vivie hana mume wala mtoto. Joan vilevile. Nora ana watoto watatu, lakini ili awe huru, Ibsen analazimika kumwondoa kwao. Yaani, watunzi hawa walimpa mwanamke sauti, akili na ujasiri, ila walishindwa kuonyesha namna ya kuwa huru huku chungu kikiwa mekoni na mtoto mgongoni. Hatuwalaumu. Walikuwa wakiubomoa ukuta mnene, na jamii yao ilijibu kwa ukali. Mrs Warren's Profession ilinyimwa kibali cha kuigizwa hadharani nchini Uingereza hadi 1925, zaidi ya miaka thelathini baada ya kuandikwa. Lakini kielelezo walichokiacha, cha shujaa wa kike aliye peke yake, kimesafiri mbali na kufika hadi kwetu.

Kabla ya Tunu: mwanamke katika tamthilia ya Kiswahili

Kuna wanaosema kwamba ufeministi ni mazao ya kigeni. Hoja hii haina mashiko. Suala la nafasi ya mke ndani ya nyumba ni la kale katika fasihi ya Kiswahili. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka wa 1858, ni mama anayemfunza bintiye jinsi ya kuishi na mume, na wahakiki hawajaacha kubishana iwapo anafunza utiifu au ujanja wa kujihifadhi. Katika tamthilia, Penina Muhando wa Tanzania alilishughulikia suala hili mapema. Hatia (1972) inahusu msichana aliyepata mimba nje ya ndoa, na Nguzo Mama (1982) inawaonyesha wanawake wa kijiji kimoja wakijaribu kuisimamisha nguzo yao kwa pamoja. Nchini Kenya, Kithaka wa Mberia katika Natala (1997) alimchora mwanamke anayekataa kurithiwa na shemeji yake. Kwa msomaji wa Molo, Njoro au Subukia, ambako shamba ndilo uhai na hatimiliki mara nyingi ina jina la mwanamume, kisa hicho hakihitaji kufafanuliwa.

Tunaona basi kwamba tamthilia ya Kiswahili ilikuwa na njia yake, njia ya kumtazama mwanamke akiwa ndani ya ukoo, ndoa na kijiji. Swali ni hili: Kigogo ilifuata njia ipi?

Maswali matatu ya mhakiki

Napendekeza mtahiniwa aachane kwa muda na orodha ya sifa, na badala yake amhoji kila mhusika wa kike kwa maswali matatu:

(a) Uamuzi mkuu anaoufanya ni wake, au umefanywa na mtu mwingine kwa niaba yake?
(b) Gharama ya uamuzi huo inalipwa na nani?
(c) Shujaa anapopanda, wanawake wengine wanabaki wapi?

Tunu

Katika Kigogo ya Pauline Kea, Tunu anapita swali la kwanza bila shaka yoyote. Hakuna mwanamume anayemtuma. Anaupinga utawala wa Majoka katika jimbo la Sagamoyo, anatetea kufunguliwa kwa soko la Chapakazi, na anawafuata walevi hadi Mangweni kuwazindua. Majoka anapotaka aolewe na mwanawe, Ngao Junior, anakataa. Hapa ipo kejeli nzito: kigogo anadhani kwamba mwanamke hatari anaweza kufugwa kwa ndoa. Yaani, mlango wa nyumba unatumiwa kama mlango wa jela.

Swali la pili nalo linajibika. Tunu analipa kwa mwili wake. Anavamiwa na wahuni wa Majoka na kuvunjwa mguu, akawa anatembea kwa magongo. Mwandishi anasisitiza kwamba mapambano si maneno matupu. Aidha, familia yake ilikwisha kulipa: babake alifia katika kampuni ya Majoka, na mamake, Hashima, hakufidiwa. Msomaji ambaye mzazi wake ni kibarua wa maua Naivasha au wa majani chai Kericho atauelewa uchungu huo kwa haraka.

Ni katika swali la tatu ambapo mambo yanatatanisha.

Ashua, Husda na Mamapima

Ashua ni mke wa Sudi. Amesoma, lakini usomi wake haujampa riziki, na watoto wana njaa. Mumewe, mchongaji, anakataa kumchongea Majoka kinyago kwa sababu za msimamo. Sudi anasifiwa na wahakiki kwa kukataa huko. Lakini anayesikia kilio cha watoto mchana kutwa ni Ashua. Anapokwenda kwa Majoka kuomba msaada, anaingia mtegoni: Majoka anamtaka kimapenzi, Husda anatokea kwa njama, wanapigana, na Ashua anatiwa kizuizini ili Sudi ashurutishwe kuchonga. Akiwa huko, anamdai mumewe talaka.

Katika karatasi za watahiniwa, kitendo hiki huwekwa chini ya sifa ya "msaliti" au "mwenye tamaa". Nadhani tunamwonea. Tumhoji kwa maswali yetu. Uamuzi wa kutochonga ni wa nani? Ni wa Sudi. Gharama yake inalipwa na nani? Inalipwa na Ashua, tena mara mbili: nyumbani kwa njaa na kizuizini kwa mwili wake. Ashua anapodai talaka anasema kwa vitendo kile ambacho hakuna mhusika mwingine anayekisema, kwamba msimamo wa mwanamume unaweza kugharamiwa na mke ambaye hakuulizwa. Talaka anayoidai ni mlango wa Nora. Lakini Nora alipoufungua mlango wake alikuwa na barabara mbele yake, ilhali mlango wa Ashua una kufuli na ufunguo uko kwa Majoka.

Husda naye ni mke wa kigogo katika ndoa isiyo na mapenzi. Mara nyingi tunamtaja kwa wivu wake tu. Lakini tazama jukwaa lilivyopangwa: wanawake wawili wanararuana katika ofisi ya mwanamume aliyewadhulumu wote wawili, naye anabaki salama. Huu ni usawiri mzuri wa jinsi mfumo wa ubabedume unavyowagonganisha wanawake, na mtahiniwa anayeona hivyo anastahili alama zaidi ya yule anayeandika "Husda ana wivu".

Mamapima, au Asiya, anauza pombe haramu chini ya ulinzi wa utawala na kunufaika na udhalimu. Mwishoni anaomba msamaha, na Tunu anamsamehe. Msamaha huu ni muhimu kwa hoja yetu. Unaonyesha kwamba Tunu anajua kuwa ushindi usiowahusisha wanawake walioanguka ni ushindi nusu.

Pamoja na hayo, muundo wa tamthilia umewapanga wanawake hawa katika ngazi. Juu yupo Tunu, asiye na mume, asiye na mtoto, asiye na doa. Chini yake wapo walioolewa: Ashua anayumba, Husda anagombana, Asiya anauza pombe. Hili halikutokea kwa bahati. Kama ilivyo kwa Joan na Vivie wa Shaw, usafi wa shujaa umejengwa kwa kumweka nje ya nyumba. Swali la yule msichana wangu lilikuwa limeligusa jambo hili barabara. Tunu anaweza kuandamana kwa sababu mwandishi amemwondolea mzigo ambao amembebesha Ashua.

Sisemi kwamba Kigogo ni tamthilia dhaifu. Nasema kwamba shujaa wake wa kisiasa ni Tunu, lakini tatizo lake la kifeministi liko kwa Ashua, na mhakiki anayemtazama Tunu pekee ameiacha nusu ya tamthilia mezani.

Bembea ya Maisha: mwanamke asiyeondoka

Bembea ya Maisha ya Timothy Arege ilipoingia shuleni, baadhi ya walimu walilalamika kwamba tumerudishwa nyuma. Tumetoka kwa mwanamke anayemwangusha kigogo, tukaletewa Sara, mgonjwa ambaye bado anahangaikia chakula cha jioni cha mumewe. Malalamiko haya yanaeleweka, lakini nadhani Arege ameingia mahali ambapo Kea alipita haraka, yaani ndani ya nyumba.

Sara na Yona walichelewa kupata watoto, na walipowapata wakawa mabinti watatu: Neema, Salome na Asna. Jamii inamsimanga Yona kwa kukosa mwana wa kiume. Yeye, ijapokuwa ni msomi na mwalimu, anazama katika pombe na kumgeuzia Sara kipigo. Hapa mwandishi anaivunja imani moja tuliyo nayo sisi walimu: kwamba elimu peke yake humtoa mtu katika ubabedume. Yona ni mwenzetu. Amesimama mbele ya ubao kama sisi.

Kinaya kikuu ni kwamba wale mabinti waliohesabiwa kuwa hasara ndio wanaoibeba familia. Neema anafanya kazi na kugharamia matibabu ya mamake. Tukimlinganisha na Vivie wa Shaw, tofauti inajitokeza wazi. Vivie anaamini kwamba mwanamke akiwa na kazi na mshahara wake amekwisha kuwa huru. Neema ana kazi na mshahara. Lakini mamake mgonjwa anapohitaji mahali pa kulala mjini, mumewe Bunju anaona kwamba si sawa mama mkwe kulala kwa mkwewe. Neema analipa hospitalini, lakini mlango wa nyumba yake mwenyewe hauamui yeye. Kwa maoni yangu hili ndilo wazo zito zaidi la kifeministi katika tamthilia hii: pesa humfungulia mwanamke milango mingi ya nje kabla ya kumpa sauti juu ya mlango wake wa ndani.

Tusimsahau Dina. Anamsaidia Sara mgonjwa kazi za jikoni kwa sababu Sara anajua kwamba Yona hatajipikia. Hakuna hotuba wala maandamano, bali mwanamke mmoja anambebea mwingine mzigo. Hata hivyo mhakiki makini atauliza: je, usaidizi huu unamkomboa Sara, au unausaidia mfumo uleule uendelee, ili Yona asiguse mwiko? Maswali kama haya hayana jibu moja, na ndiyo maana yanafaa kutahiniwa.

Udhaifu wa tamthilia hii, kwa upande wa fikra, uko katika uzito wa majuto ya Yona. Yona anajuta, na familia inaelekea kwenye upatanisho. Kisanaa, jambo hili lina joto lake. Lakini yupo mwanafunzi wa kike anayesoma kitabu hiki huku akitoka katika nyumba kama ya Sara, na anaweza kufunzwa kwamba ushujaa wa mwanamke ni kuvumilia hadi mume azinduke. Mwalimu ana wajibu wa kulitenganisha jambo hili waziwazi. Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 45, inawapa mume na mke haki sawa wakati wa kufunga ndoa, katika ndoa na inapovunjika. Sheria ya Kinga dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ilipitishwa mwaka wa 2015. Kipigo cha Yona si ila ya mhusika pekee. Nje ya kitabu ni kosa la kisheria. Kusema hivyo darasani hakuiharibu fasihi.

Jukwaa letu

Mwalimu wa Nakuru hawezi kuandika kuhusu wasichana na jukwaa bila kukumbuka Aprili 2025. Tamasha za kitaifa za drama zilifanyika hapa, na wanafunzi wa Shule ya Wasichana ya Butere walifika na mchezo wao, Echoes of War, baada ya Mahakama Kuu kuamuru waruhusiwe kushiriki. Nje, polisi walirusha vitoa machozi kuwatawanya watu. Wasichana waliimba wimbo wa taifa na kuondoka bila kuigiza. Mtu anaweza kuwa na maoni yoyote kuhusu mchezo wenyewe. Lakini tangu siku hiyo, ninapofunza kwamba shujaa wa kike ni yule anayetoka na kuondoka, nawakumbuka wasichana ambao kuondoka hakukuwa chaguo lao. Walikuwa wamekuja kusema.

Hitimisho

Tumeona kwamba Shaw na Ibsen walimpa mwanamke wa jukwaani ujasiri wa kuufungua mlango na kwenda zake. Kea, katika Tunu, alimpeleka shujaa huyo hadi katika uongozi wa umma, huku akimwacha Ashua kizuizini akiwa na swali ambalo tamthilia haikulijibu lote. Arege amelirudisha swali hilo nyumbani, akatuonyesha kwamba mshahara, elimu na hata majuto ya mume havitoshi, ijapokuwa mwisho wake unampa Yona nafuu ya haraka kuliko anavyostahili.

Nikikutana tena na yule mwanafunzi wangu, ambaye sasa amekwisha kumaliza shule, ningemjibu hivi: Tunu mwenye watoto wawili huenda angeandamana, lakini kwanza ingebidi mtu mwingine awashike watoto. Tamthilia itakayotuonyesha mtu huyo ni nani, na kwa nini asiwe baba yao, bado tunaisubiri. Pengine itaandikwa na mmoja wa wanafunzi wetu.

Maswali ya kudurusu

1. "Ashua si msaliti bali ni mhasiriwa wa msimamo wa wengine." Jadili kauli hii kwa kurejelea Kigogo. (Alama 20)

2. Linganisha Neema na Sara katika Bembea ya Maisha kwa kuzingatia uwezo wa kufanya uamuzi ndani ya nyumba. (Alama 20)

3. Eleza jinsi Timothy Arege anavyotumia kinaya kuonyesha thamani ya mtoto wa kike. (Alama 10)

4. Je, msamaha anaoutoa Tunu kwa Mamapima unaimarisha au unadhoofisha maudhui ya ukombozi wa mwanamke? Thibitisha. (Alama 10)